Baiskeli kwenye ndege kutoka Dar

Kaka, uliuliza kama baiskeli inapanda ndege: inakubalika kama mzigo wa kukabidhi, ila ongea na shirika la ndege kabla: wengine wanaihesabu ndani ya kilo zako 23, wengine wanatoza ada yake. Boksi kaulize maduka ya baiskeli Kariakoo.

Pedali ndizo zinawasumbua wengi. Chukua spana namba 15. Ya kulia inafunguka kinyume cha saa. Ya kushoto inafunguka kwa kufuata saa, hivyo ukiizungusha kama boliti ya kawaida unazidi kuikaza.

Toa gurudumu la mbele, kisha chomeka kipande cha mbao kati ya miguu ya foki, ule uma unaoshika gurudumu hilo. Boksi likilaliwa na mizigo bila mbao hiyo, foki inabanwa na kupinda. Mashine ya gia ya nyuma, ile inayohamisha mnyororo, ifungue, izungushie kitambaa, uifunge ndani ya fremu. Kile kipande cha bati kinachoishika ni laini. Kikipinda kidogo tu, mnyororo unarukaruka ukifika.

Breki za diski za mafuta: bana kadi ngumu kati ya pedi. Taa za betri ya lithiamu ziende kwenye begi la mkononi. Baiskeli ya umeme yenye betri inayozidi Wh 160 (kipimo cha nishati ya betri) iache nyumbani, betri hiyo haipandi ndege ya abiria.