Mkoba wa rivolva: mweleze nini fundi kabla hajakata ngozi

SWALI: Nina kibali na rivolva ya kukoki kwa dole gumba, umbo la Colt ya zamani, mtutu wa inchi tano na nusu. Naibeba nikiwa kazini shambani. Muda mwingi niko juu ya trekta, mara nyingine natembea. Mkoba wangu ni wa turubai, wa kununua tayari. Bastola inachezacheza ndani, na juzi nilipochuchumaa ilianguka. Nataka kushonewa wa ngozi. Ngozi gani inafaa? Niuvae ubavuni au mbele ya tumbo? Na usiku naweza kuiacha bastola humo humo?

JIBU: Ndugu, ngozi itasubiri kidogo. Nianze na hilo la kuanguka, maana umelitaja kama jambo dogo.

Rivolva za umbo la Colt ya 1873, zile zilizofuata mtambo wa asili, nyundo yake ikilala basi sindano inakaa juu kabisa ya fataki (kile kitone cha nyuma ya risasi kinachowasha baruti) ya risasi iliyo mbele yake. Ikiangukia nyundo, inaweza kulia bila mtu kugusa kifyatulio. Ndiyo maana bastola yenye matundu sita hubebwa na risasi tano, nyundo ikilala juu ya tundu tupu. Kile kituo cha kwanza cha nyundo, ambacho watu hukiita cha usalama, ni kijino chembamba cha chuma, usikitegemee. Ruger, watengenezaji wa bastola wa Marekani, walibadili mtambo wao mwaka 1973 wakaweka kipande kinachopanda katikati ya nyundo na sindano pale tu kifyatulio kinapovutwa, na hizo zinaweza kubebwa zikiwa na risasi zote sita. Kama hujui yako ni ya aina gani, beba tano. Hakuna mshono wangu utakaoziba pengo hilo.

Sasa mkoba. Jibu la mahali pa kuuvaa umeshaliandika mwenyewe: "muda mwingi niko juu ya trekta." Mkoba wa ubavuni ni mzuri kwa mtu anayesimama na kutembea. Ukikaa, mdomo wa mtutu unagonga kiti, bastola nzima inapanda, mpini unakuchoma mbavuni, na jioni utakuta umeuvua na kuutupa chini ya kiti. Kwako ningeshona wa kuvuka: unakaa mbele kidogo ya nyonga ya kushoto, mpini ukielekea kulia, umelazwa kiasi ili mtutu ufuate paja lako ukikaa. Mkono wa kulia unaufikia bila kunyanyua kiwiko, na wa kushoto nao unaweza kuufikia ukilazimika.

Una kasoro yake. Ukichomoa, mdomo wa mtutu unafagia aliye kushoto kwako, na mkono wako wa kushoto ukizembea unapita mbele yake. Kwa sababu hiyo viwanja vya shabaha vina masharti juu ya mikoba hii, na vingine havitaki kuiona kabisa. Jizoeze kuchomoa bastola ikiwa tupu, ukiwa umegeuza mwili, mkono wa kushoto umeubana kifuani.

Jambo la pili ndilo linalotutesa mafundi. "Umbo la Colt" si kipimo. Mteja mmoja aliniambia ana Vaquero, rivolva ya Ruger, nami nikachukua kielelezo (bastola bandia ya kuumbia ngozi) nilichokuwa nacho kabatini, nikaloweka, nikaumba, nikashona. Ilipofika bastola yake ilikuwa inapwaya kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba. Vaquero ya 1993 ina fremu kubwa. Iliyokuja 2005 ilipunguzwa ikakaribia ukubwa wa Colt. Jina karibu lile lile, mikoba miwili tofauti. Kosa lilikuwa langu, sikuuliza. Basi mpe fundi jina la mtengenezaji, jina kamili la modeli, na urefu wa mtutu uliopimwa kwa rula (inchi tano na nusu ni milimita 140). Mwulize pia kama ana kielelezo cha plastiki au alumini cha modeli hiyo hiyo. Akijibu "zote zinafanana", shukuru uondoke.

Kwa nini kielelezo? Kwa sababu mkoba mzuri haushiki bastola kwa kubana tu, unaishika kwa umbo. Ngozi inaloweshwa, kielelezo kinaingizwa, fundi anaikandamiza kwa vidole na mfupa mpaka inafuata duara la silinda na bomba la kutolea maganda lililo kando ya mtutu, kisha inaachwa ikauke polepole. Ikikauka inabaki hivyo. Angalia pia kama ameacha mfereji ndani kwa ajili ya kilengeo cha mbele. Kwenye rivolva hizi kilengeo husimama wima kama jembe dogo, na bila mfereji kitakuwa kinakwangua ngozi kila unapochomoa; utaona unga wa kahawia kwenye mdomo wa mtutu.

Ngozi yenyewe: ya ng'ombe, iliyotengenezwa kwa magome ya miti, si kwa kromi. Ya kromi ni laini, nzuri kwa viti na makoti, lakini haishiki umbo, na chumvi zilizobaki ndani yake hula chuma. Unene uwe milimita 3.2 hadi 4, ambao kwa lugha ya wauza ngozi ni aunsi 8 hadi 10. Nyembamba zaidi ya hapo inalegea kwa bastola inayokaribia kilo moja. Kwenye mshono kuwe na kipande cha ngozi katikati ya tabaka mbili, ili uzi usisuguliwe na chuma. Mimi hushona kwa mkono, sindano mbili tundu moja, uzi umetiwa nta. Mshono huo ukikatika mahali pamoja haufumuki wote. Cherehani nzuri ya ngozi nayo inatosha, sitabishana na mtu kwa hilo.

Kwa kuwa yako imeshaanguka, dai kitanzi cha ngozi cha kuvika nyundo. Kinazuia bastola isitoke na nyundo isinase kwenye nguo au tawi, na dole gumba linakivua kwa mwendo mmoja. Kifungo cha kubonyeza pia kinafaa, ila vumbi la shamba hukifanya kigumu. Ule mtindo wa mkanda mpana uliokatwa tundu, mkoba ukining'inia chini pajani na kufungwa kwa kamba, ni wa sinema zaidi kuliko wa kazi. Juu ya trekta utakuudhi siku ya kwanza.

Mkanda watu huusahau. Kama njia ya mkanda kwenye mkoba ni milimita 38, mkanda uwe 38. Ukiwa mwembamba mkoba utateleza, na ule mlalo tuliouhesabu wote umepotea.

Mkoba mpya utabana. Usiupake mafuta. Mafuta ya kwato za ng'ombe ni mazuri kwa hatamu na matandiko, lakini ukiuzidishia mkoba unalainika na umbo linayeyuka. Toa risasi zote, hakikisha mara mbili, funga bastola kwa mfuko mwembamba wa plastiki, isukume ndani na uiache usiku mmoja. Rudia mara mbili tatu.

Siku hizo mbili tatu ndizo pekee ambazo bastola italala humo. Ngozi hunyonya unyevu wa jasho na wa hewa na kuushikilia, hivyo chuma kitaanza kuonyesha madoa ya kutu, na risasi za shaba zikikaa kwenye vitanzi vya mkanda huota ukoga wa kijani. Jioni itoe, ifute, ifungie kwenye kabati lake la chuma, na mkoba uutundike penye hewa, mbali na jua na jiko. Ukinyeshewa, ukaushe kivulini ukiwa mtupu, na ukiona umeanza kujikunja, uumbe kwa vidole ungali na unyevu.