Refa wa bonanza: lipi la jicho, lipi la kanuni

Refa wa ligi ana washika vibendera wawili na kamisaa wa mechi, na mpira ukiisha anapanda gari anakwenda zake. Sisi tunaopuliza filimbi kwenye mabonanza ya alasiri hapa Zanzibar, Maisara, Fuoni au kule Chake Chake, tuko peke yetu. Yule uliyempa kadi saa kumi na moja utasimama naye safu moja Magharibi hiyo hiyo, na pengine ndiye aliyekusomesha skuli. Kwa hiyo ushauri nitakaoutoa hapa si wa vitabuni tu, ingawa vitabu navyo tutavifungua.

La msingi ni hili. Mtu akikujia na lalamiko, kabla hujafungua mdomo, pima analalamikia nini: jicho lako au kanuni.

La jicho ni kama kanawa (kaucheza mpira kwa mkono) au hakunawa, kamkwatua au kajitupa, mpira umevuka mstari wote au bado. Hayo Sheria ya 5 ya soka imekupa wewe. Uamuzi wa refa juu ya matukio ya mchezo ni wa mwisho, pamoja na goli kuwa goli au si goli. Huna haja ya kuyaeleza, na ukianza kuyaeleza utakuwa umewakaribisha wote ishirini na mbili barzani. La kanuni ni jengine. Ukipuliza kuotea kutokana na mpira wa kurusha, hapo hakuna cha "nimeona mimi". Mpira wa kurusha, goli kiki na kona havina kuotea, na mchezaji anayekuuliza ana haki yake. Sheria inakuruhusu kugeuza uamuzi wako ikiwa mchezo haujaanza tena. Ukishaanza, basi.

Mimi lalamiko la jicho nalijibu kwa maneno mawili na mguu unaotembea: "Nimeona, twende." La kanuni nalijibu kwa sentensi moja, kwa sauti ya kawaida, nikimtazama nahodha na si anayepiga kelele zaidi.

Sasa tuje kwenye mkono, maana ndiyo kesi ya kila siku. Mpira ukimgusa beki popote baina ya shingo na kucha, kiwanja kizima kinapiga ukelele, hadi muuza juisi. Sheria ya 12 haisemi hivyo. Kwanza, mkono kisheria unaanzia usawa wa chini ya kwapa. Mpira uliopiga juu ya bega haujagusa mkono kabisa. Hilo ni la kanuni, na dawa yake ni kujigusa bega waone, mchezo uendelee. Pili, si kila mguso ni kosa. Ni kosa mtu akiupeleka mkono kwenye mpira kwa makusudi, au akiufanya mwili wake uwe mkubwa kwa namna isiyoendana na alichokuwa akikifanya. Hapo ni jicho tupu, na hapo ndipo refa anapolipwa ile soda yake.

Naangalia mkono ulikuwa wapi kabla mpira haujapigwa, na mwenyewe alikuwa katika harakati gani. Mzee wa timu ya maveterani, kitambi mbele, akiteleza kwenye changarawe atanyoosha mkono chini asianguke. Mpira ukimgonga hapo naacha, hata wapige kelele vipi. Mzee huyo huyo akiruka mikono juu kama anayechuma maembe, ni penalti, na simwonei haya.

Kuna kipande ambacho watu wengi hawakijui, na kimezusha ugomvi mwingi. Mfungaji mwenyewe mpira ukimgusa mkononi na kuingia, au ukamgusa akafunga papo hapo, goli halihesabiki hata kama ni bahati mbaya. Lakini ukiwa umemgusa mwenzake aliyempasia, bila ya kukusudia, tangu marekebisho ya 2021 goli ni goli. Ukipuliza kati, yaani umelikubali goli, uwe tayari kusema hivyo bila kigugumizi, kwa sababu ni la kanuni na watakuuliza.

Jengine jipya: kuanzia msimu wa 2025/26, kipa akiushikilia mpira mikononi kupita sekunde 8, wapinzani wanapata kona. Zamani ilikuwa sekunde 6 na adhabu yake pigo lisilo la moja kwa moja, ambalo karibu hakuna refa aliyelitoa. Kwenye bonanza waambie makipa wote wawili kabla ya kuanza, halafu sekunde 5 za mwisho uzihesabu kwa mkono juu. Ukiwashtukiza na kona dakika ya mwisho, kanuni iko upande wako lakini kiwanja hakiko.

Vibendera. Utapewa mchezaji wa akiba wa kila timu ashike, na yule wa upande wa Jang'ombe atainua kila mshambuliaji wa wageni anapogusa mpira. Mimi hawa nawaambia waziwazi: kazi yenu ni mpira uliotoka tu. Kuotea naamua mwenyewe. Na kwa kuwa nakimbia katikati na siwezi kuwa sambamba na beki wa mwisho kila mara, nisipokuwa na hakika sipulizi. Pia nakumbuka kwamba kusimama mahali pa kuotea si kosa, ni mpaka mtu aingilie mchezo. Winga aliyeinama pembeni anafunga kamba za kiatu hajamkosea mtu.

Faulo nazipanga kwa ngazi tatu za sheria. Uzembe ni pigo bila kadi. Kutojali usalama wa mwenzio ni njano. Nguvu iliyopitiliza ni nyekundu. Ila kwenye faida, yaani kuacha mchezo uendelee wakati timu iliyochezewa faulo bado ina mpira, nakwenda kinyume na marefa wengi. Katika ligi, faida inapamba mchezo. Kwenye kiwanja cha mawe, mtu aliyepigwa buti la ugoko na hakusikia filimbi hangoji faida, anangoja nafasi ya kurudisha. Ninapuliza mapema.

Na ukimpa kadi mtu mzima kuliko wewe, muite "ami" kama unavyomuita mtaani, simama hatua mbili mbali, kadi iende juu na si usoni kwake. Heshima haipunguzi rangi ya kadi.

Kiwanja chenyewe nacho kina sheria zake, na hizi zizungumzwe na manahodha kabla ya filimbi ya kwanza. Tawi la mwarobaini linaloning'inia ndani ya uwanja ni kitu cha nje, sawa na mbuzi anayekatisha. Likiingilia mchezo unasimamisha, unadondosha mpira kwa mchezaji mmoja, wengine wote wakae mita 4. Mbuzi akipita upande wa pili asiathiri kitu, muache apite. Jambiani na Paje shida ni bahari. Maji yakiwa yametoka, hasa siku za bamvua (maji yanapotoka na kujaa sana), vijana wanasema "mstari ni maji", na kufika kipindi cha pili timu moja inashambulia kwenye kiwanja chembamba kuliko walichopewa wenzao. Chora mstari kwa fimbo, juu kidogo, na uulize mapema maji yanarudi saa ngapi. Wavuvi wapo hapo hapo.

Wakati nao usiuachie jua. Sheria ya 7 inaruhusu dakika zipunguzwe, mradi mmekubaliana kabla ya mechi na vipindi viwe sawa. Mkianza saa kumi na moja kasorobo, sema 30 kwa 30, wote wasikie. Ukikipa kipindi cha kwanza 35 huwezi kukipa cha pili 25 kwa sababu muadhini ameshika kipaza sauti. Timu iliyo nyuma kwa goli moja itakuhesabia dakika hizo mpaka bonanza lijalo.