Usiende Namugongo Tarehe 2 Juni

Juzi dada mmoja wa kwaya, wa huko kwetu Bukoba, ameniandikia. Wako 14, wanataka kuja kuhiji Namugongo, nje kidogo ya Kampala, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, wale Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao. Wameshapanga: watoke nyumbani alfajiri ya tarehe 2 Juni, walale karibu na kanisa, tarehe 3 waamkie Misa, jioni wageuze. Anauliza, "Dada, wewe uko Kampala, ratiba yetu si inatosha?"

Haitoshi. Nilimwandikia jibu refu nikalifuta, kwa sababu ratiba hiyo ndiyo niliyompangia mama yangu mwaka 2019, na hadi leo nikiikumbuka roho inaniuma.

Mama alikuwa ametamani safari ile tangu ujana. Mimi nilikuwa na miaka saba Kampala, Kiganda nakisikia, teksi zote nazijua (huku daladala ndiyo teksi), nikajiona mwenyeji. Chumba nilikitafuta kwa simu, nyumba ya wageni upande wa Kyaliwajjala, jirani na Namugongo, nikatuma nusu ya malipo kwa simu hiyo hiyo. Sikwenda kukiona. Kosa langu la kwanza hilo, na ndilo kubwa.

Mwaka ule Idd el-Fitri nayo iliangukia wiki ile ile ya Mashahidi. Waislamu wanarudi makwao, Wakristo wanakuja kuhiji, na mabasi ni yale yale. Pale Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda, foleni ilitoka nje ya jengo. Mama alikuwa na hati yake ya dharura ya kusafiria na kadi ya homa ya manjano, kila kitu sawa, lakini alisimama juani hadi miguu ikaanza kuvimba. Alivaa viatu vyeusi vipya, vya kufunika vidole, alivyovinunua kwa ajili ya Misa. Nilimpokea Kampala jioni, tukapanda teksi, nikamwambia tumeshafika.

Teksi ikatushusha Kireka. Barabara ya kwenda Namugongo ilikuwa imefungwa kwa magari, na watu wamejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Tukatembea gizani, mimi na begi kichwani, yeye ameshika upindo wa kitenge changu tusipotezane. Kila baada ya nguzo chache za umeme anasimama. Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Kufika kwenye nyumba ya wageni, mwenye nyumba hakufungua hata geti vizuri. "Biwedde, nyabo." Vimekwisha. Chumba changu kalala mtu aliyelipa mara mbili ya bei yangu. Hela yangu sikurudishiwa.

Tulilala nje, kwenye uwanja wa kanisa, juu ya kitenge. Waliotuokoa ni mahujaji wa kutoka Kenya, magharibi kule, waliokuwa wametembea kwa miguu siku nyingi. Wakasogea, wakatupa kona ya turubai lao. Mama mmoja kati yao akachemsha maji, akatia chumvi, akamvua mama yangu vile viatu. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeshakuwa mweusi. Asubuhi Misa ilipoanza, mama hakuweza kusimama. Altare ya sikukuu iko kwenye kisiwa katikati ya ziwa dogo pale chini. Yeye aliketi ardhini, akaona migongo ya watu tu.

Mwaka uliofuata korona ikazuia mahujaji. Baadaye nilipomwita tena akasema, "Mwanangu, nimeshahiji, inatosha."

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaopanga. Safari ya sikukuu haipangwi kwa kuhesabu kilomita. Kutoka katikati ya Kampala hadi Namugongo ni kilomita kama 15, siku ya kawaida unakwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Tarehe 2 na 3 Juni kilomita hizo ni nyingine kabisa. Wahini. Fikeni tarehe 30 au 31 Mei, mlale, mpumzike, mkiwa na nguvu ndipo muingie kwenye umati.

Mwaka 2024 niliwachukua watu 11, wakubwa kwa wadogo, na nasema kwa furaha kwamba wote 11 niliwarudisha Mutukula wakiimba. Nilifanya nini? Niliwahi. Mwezi wa tatu nilikwenda mwenyewe kukiona chumba, nikalipia mkononi, nikaandikiwa risiti. Tarehe 1 niliwapeleka watembelee kwa utulivu, wakati bado unaweza kuingia ndani ya basilika na kusali kwenye altare, pale shahidi Karoli Lwanga alipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Wakahesabu nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Wakaenda na upande wa Waanglikana, maana mashahidi ni 45 wote pamoja na 23 ni wao. Wakachota maji ya ziwani kwenye vidumu bila kusukumana. Ikifika tarehe 3 huwezi kufanya hata moja kati ya hayo.

Na mwendo wa kundi uwe wa yule anayechoka kwanza. Tunawaita wazazi wetu mahujaji, halafu tunawakimbiza kama mizigo! Mtu wa miaka 60 na zaidi anahitaji viatu alivyokwisha kuvizoea, mahali pa kuketi, na kwenda chooni kabla ya kuingia kwenye foleni ya ukaguzi wa mabegi. Haya si mambo madogo. Ibada ya mtu mwenye maumivu inaishia kwenye kidole chake.

Kwa hiyo dada yangu wa kwaya, msipange kurudi jioni ya tarehe 3; tengeni hela ya kulala siku za ziada. Jioni ile kila mtu anataka basi moja. Rudini tarehe 4.

Wiki iliyopita nilimpigia mama tena. Nikamweleza habari za wale 11, chumba, na kwamba safari hii tunafika siku nne kabla. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama huko kwenye Misa wanaruhusu mtu kuingia na kigoda. Nilikata simu nikaenda moja kwa moja Owino, soko ambalo jina lake rasmi ni la shahidi Balikuddembe, nikamnunulia cha kukunja, chenye kitambaa cha kijani.