Injini umeifunga mwenyewe, sasa gari linasumbua

Umefungua injini ya gari la zamani uani kwako, umeifunga, na sasa gari lina tabia ambayo halikuwa nayo. Usikimbilie kununua vipuri. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kila mpita njia ana jibu lake: "Mukubwa, iyo ni mafuta mubaya!" Huenda. Lakini mafuta hayo hayo uliyatumia wiki iliyopita na gari likapanda mtaa wa mlimani wa Kadutu bila kulalamika. Kilichobadilika ni pale mkono wako ulipopita, kwa hiyo anzia hapo.

Mimi nimehangaika zaidi na Corolla za miaka ya 1990 zenye injini ya 4A-FE. Moja ni ya shemeji yangu, tuliyoibadilishia gasketi ya silinda hedi. Iliwaka vizuri tu, ila ilipopata moto ralanti (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ikaanza kupanda na kushuka, kama kuna mtoto anachezea pedali. Wa kwanza alisema mafuta, wa pili akasema kompyuta ya injini imekufa, na huyo wa pili alikuwa na nyingine ya kuuza.

Kumbe ni maji. Kwenye injini ile, maji ya rejeta hupita kwenye vali inayoongeza hewa wakati injini ni baridi. Yakipata moto, vali hujifunga. Hewa ikinasa kwenye njia za maji, joto halifiki kwenye vali, nayo inabaki wazi. Mizunguko inazidi, kompyuta inakata mafuta, injini inashuka, mafuta yanarudi, inapanda tena. Mpira mdogo wa hewa uliochanika au kusahaulika unaweza kuleta tabia hiyo hiyo. Nyunyizia maji kidogo kwenye maungio yake injini ikiwaka, na ukisikia mlio umebadilika, umepapata.

Kutoa hewa, milima yetu inasaidia. Injini ikiwa baridi kabisa, elekeza pua ya gari mlimani, kaza breki ya mkono, weka mawe nyuma ya magurudumu. Fungua mfuniko wa rejeta, weka hita kwenye moto wa mwisho, washa. Minya mpira mkubwa wa juu polepole huku ukiongeza maji. Mapovu yatatoka kwa vishindo. Thermostati, yaani vali inayoruhusu maji kwenda rejeta yakipata moto, ikifunguka, karibu nyuzi 82, maji yatashuka ghafla, jazia, funga. Ila mapovu yasipokoma, na yakazidi kila ukikanyaga mafuta, hiyo ni gesi ya silinda inayopenya gasketi. Hapo pole sana, hedi inashuka tena.

Na mfuniko wenyewe usiudharau. Mji huu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kinachoyazuia yasichemke ni shinikizo linaloshikiliwa na mfuniko. Raba yake ikikatika, gari litachemka mlimani na lawama zote zitaiangukia gasketi yako mpya.

Likitetemeka na kukohoa, fuata waya za bujii, yaani plagi: mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2, na mbili zikibadilishana nafasi utajua mara moja. Likiwa zito kwenye kilima bila kukohoa, shuku mkanda wa taimingi kuruka jino. Zungusha injini kwa spana, si kwa staata, mizunguko miwili kamili, kisha tazama kama alama za taimingi zinalingana. Staata ikivuta kwa uvivu wakati betri ni nzima, gusa waya wa ardhi kati ya injini na bodi. Ukiwa wa moto, au umefungwa juu ya grisi, ukwangue na ukaze.

Gari la umri huo halihitaji mashine ya kusomea makosa. Kwenye kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, uhesabu mimweko ya taa ya injini. 22 (miwili, pumziko, miwili tena) ni sensa, yaani kihisi, ya joto la maji, 31 ya mvutano wa hewa, 41 ya kipepeo cha hewa. Mimweko ya haraka isiyo na pumziko maana yake kompyuta haikuona kosa. Kabla ya kutafuta sensa ya mtumba, chomoa soketi yake uitazame kwa tochi: pini iliyopinda wakati wa kufunga ndiyo ninayoikuta mara nyingi. Ukishainyoosha, toa fyuzi ya EFI (mfumo wa kuingiza mafuta) kwa nusu dakika, irudishe, usome upya.