Majani ya monstera kukauka kingo

Dada, umeuliza kwa nini monstera yako, ule mmea wa mapambo wenye majani makubwa, inakauka kingo. Kama kibaraza chako hapo Bwiru, Mwanza, kinapigwa na jua la jioni, kingo kukauka rangi ya kahawia sidhani kama ni ugonjwa. Mmea huu kwao ni misitu ya kusini mwa Mexico na Amerika ya Kati, unakoparamia miti mikubwa na kukaa kivulini. Wewe umeuegesha kwenye jabali! Mawe yetu ya Mwanza yakishiba jua mchana, yanatoa joto hadi usiku, na kiangazi hiki upepo mkavu unamalizia kazi. Usogeze upande wa jua la asubuhi, mbali na jiwe. Jani lililokwisha kauka halirudi kijani, subiri mapya.

Maji, chomeka kidole: udongo ukikauka hadi pingili ya pili ndipo umwagilie. Mimi huchanganya mboji na pumba za mpunga zilizochomwa, maji yasituame mizizi ikaoza.

Yale matundu ya kwenye majani unayoyasubiri huja mmea ukikomaa na kupata mwanga, kwa hiyo usiufiche chumbani. Na mtoto asitafune jani, litamwasha mdomo kama gimbi bichi. Ukoo mmoja hao.