Re: Kuwafundisha watoto "vizuri"

Mwalimu mwenzangu, umesema watoto wako wa darasa la tatu wanaandika "Asha anaimba mzuri" badala ya "anaimba vizuri". Usianze na maana ya kielezi (neno linaloeleza tendo linafanyikaje), utawapoteza. Mwite mmoja mbele afagie, kisha uulize darasa: "Anafagiaje?" Hiyo -je ndiyo inayovuta kielezi. Watajibu "vizuri", au "vibaya" (na watacheka). Waongeze wafagiaji wawe watatu: wanafagiaje? Bado ni vizuri. Hapo wanaona wenyewe kwamba neno halibadiliki. Halafu inua ufagio: "Ni ufagio gani?" Mzuri. Wakishika maswali hayo mawili, wape kazi ya kuandika.

Ila jihadhari na ngeli ya KI-VI (kiatu-viatu), huko hata wakubwa hujikwaa. "Amefunga viatu vizuri": viatu ndivyo vizuri, au ni ufungaji? Waambie waweke kiatu kimoja. Ukipata "amefunga kiatu kizuri", unasifu kiatu. Ukibaki na "amefunga kiatu vizuri", unasifu kufunga. Binafsi sentensi za namna hii naziweka kando hadi darasa la nne. Kwa sasa tumia kalamu, daftari na ufagio, si viti wala vitabu.