Muhuri wa ndala, kadi ya kitenge na maswali yenu mengine ya matangazo ya mkono

Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Rungwe na Kyela, wa Mbeya mjini nyie tunaonana kila siku pale Mwanjelwa. Tangu niseme mwenye biashara ndogo anaweza kujitengenezea matangazo ya karatasi kwa mkono wake mwenyewe bila kusubiri hela ya bango, maswali yamejaa. Nimechukua yale ambayo naona yanawagusa wengi, majina nimeyaficha.

Mwanangu, nauza maandazi na chapati asubuhi pale Mafiati, nimetenga elfu 20 ya matangazo. Nikaprinti flaya?

Shikamoo mama. Hapana, usiprinti. Flaya ya maandazi mtu anaipokea kwa mkono wa kulia anaiangusha kwa wa kushoto, na kesho yake unaikuta imefungiwa karanga kwa jirani yako. We tayari una karatasi ambayo kila mteja anaondoka nayo, ule mfuko wa kaki. Toka mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 kaki zimekuwa kila mahali na nyingi zinatembea zikiwa tupu, hazijaandikwa kitu, wakati mfuko wako unaingia ofisini unawekwa mezani na harufu yake na watu wanauliza haya umeyatoa wapi. Jibu liwe limeandikwa hapohapo.

Muhuri unatengeneza mwenyewe. Tafuta ndala iliyokatika kamba, kata kipande cha katikati ya soli (kisigino huwa kimeshalika upande, hakifai), kisugue na msasa mpaka kiwe tambarare. Andika jina lako kwenye karatasi kwa penseli nyeusi, kandamiza sana, halafu karatasi ilaze kifudifudi juu ya soli usugue mgongo wake kwa kijiko. Maandishi yatahamia yakiwa yamegeuka, na ndivyo yanavyotakiwa, usiyanyooshe. Chukua wembe au kata (kile kisu cha kukatia karatasi), ondoa pembeni ya herufi, kina kama milimita 3, na ukate kwa mshazari ili herufi iwe na kitako kipana chini, ukikata wima inalegea na kulala ukigonga. Herufi zisipungue sentimita 1. Ukimaliza gundisha kwenye kibao upate pa kushika.

Mi wa kwanza niliochonga niliruka hiyo hatua ya kijiko, nikajiona fundi, nikaandika MAMA moja kwa moja kwenye soli. Ubaya wa hilo neno ni kwamba M na A ukizigeuza zinabaki vilevile, kwa hiyo nilivyoliangalia kwenye soli liko sawa kabisa, hamna hata herufi moja ya kunishtua. Nikagonga mifuko kama 40 hivi nikiwa naongea na simu ndo nikaja kuona nimeandika AMAM. Nimeitumia yote hivyohivyo, kuna mteja mpaka leo ananiita Mama Amam.

Namba ya simu usijitese kuichonga, tarakimu ni ndogo, mpelekee fundi mihuri akutengenezee mstari mmoja tu wa namba, hiyo elfu 20 yako itafanya hiyo kazi pamoja na pedi na wino. Gonga jioni mifuko ikiwa mitupu na mikavu, upande wa nje tu. Kaki ikishapata mafuta haishiki wino.

Dada mambo, nina saluni Uyole, nataka kutoa kadi, ukisuka mara tano ya sita bure. Itanila?

Poa mdogo wangu. Piga hesabu kwanza: anayelipa tano akapata sita umempunguzia kama asilimia 17, hiyo sio ndogo. Ila sio pesa itakayokuumiza, ni muda. Mtu akija kuchukua rasta za bure Jumamosi, umekaa naye kutwa nzima na watu wanaolipa wanakuona uko bize wanahamia kwa mwenzako. Ya sita iwe kuosha na stimu, au kufumua, na uandike kabisa kwenye kadi "Jumatatu hadi Alhamisi".

Karatasi nunua manila. Kadi ya milimita 85 kwa 55 zinatoka 10 kwenye A4 moja, safu mbili za tano tano. Chora kwa mkono moja nzuri, itoe kopi, zipange 10 kwenye karatasi, kapige fotokopi juu ya manila yenyewe pale steshenari, mashine nyingi zinaikubali kama sio nene sana, ukate kwa rula ya chuma. Mwandiko wako ukiwa mzuri usimwachie kompyuta, kadi ya mkono inatunzwa.

Vibox vya kutiki usitumie kalamu, kalamu kila mtu anayo! Chonga kichana kidogo kwenye ndala kama nilivyomwambia mama wa maandazi na muhuri ulale na wewe.

Niko Tukuyu, nilitoa vipeperushi 200 vya duka la pembejeo, mvua ikanyesha wino wote ukachuruzika. Karatasi mbaya au?

Sio karatasi, ni mashine. Ulichapa kwa printa ya wino wa maji, zile ndogo za kujaza chupa. Ya toner, yaani ile leza au mashine ya fotokopi, unga wake unayeyushiwa kwenye karatasi kwa joto kwa hiyo maji hayauondoi, karatasi italowa na kuchanika lakini maandishi yatabaki. Chapa moja yenye rangi ukiipenda, zingine piga fotokopi nyeusi, rangi weka kwa mkono kwa krayoni, nta haiogopi maji. Tukuyu kwa mwaka inanyesha zaidi ya milimita 2,000, hapo hata tangazo la kesho liandike kama linakwenda kuogelea.

Kamwene dada. Mi fundi cherehani Kihesa, bizinesi kadi nimegawa sana ila hakuna anayepiga. Tatizo nini?

Kamwene kaka. Tatizo kadi yako inafanana na ya fundi bomba. Nilikuwa nasubiri mtu wa nguo aulize maana nyie mnalala juu ya mali mnaifagia.

Mabaki ya kitenge. Kata vipande vya sentimita 2 kwa 5, kwa mkasi wa zigizaga kama unao ili visichambuke, na kila kadi ipate kipande chake, zisifanane hata mbili. Usigundishe, gundi ya maji inapenya kitambaa inaacha doa. Shona. Cherehani inashona manila vizuri tu ila weka mshono mrefu, namba 4 hivi, ukiweka midogo unatoboa mistari ya matundu na kadi inakatika kama stempu za posta. Sindano tumia ile uliyotaka kutupa kwa sababu karatasi inaua makali, na usije ukairudisha kwenye satini ya mtu.

Sasa nyuma ya kadi, na hapa ndo penyewe: usirudie jina lako tena. Chora mistari ya vipimo, bega, kifua, kiuno, hipsi, urefu wa gauni, mkono. Mteja akija kupimwa mara ya kwanza unamjazia na tarehe, anaondoka na vipimo vyake. Siku dada yake aliye Dodoma anataka kumtumia sare ya harusi, anatoa kadi anasoma, na hata akienda kwa fundi mwingine (ataenda, tusidanganyane) anamkabidhi kadi yenye jina lako. Kadi yenye kazi haitupwi, kadi ya jina tu ni uchafu uliokatwa vizuri.

Kama unataka maneno ya mbele, angalia kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina, na lile jina ni mstari mmoja tu ila watu wanachagua kanga kwa ajili yake. Tunga wa kwako, mfupi, wa kumchekesha mtu. Siyo "huduma bora kwa bei nafuu", hiyo hata mwenye bei mbaya anaiandika. Kitu kama "Nguo ya Jumamosi sikupi Jumatatu", na uwe unamaanisha, maana mafundi nawajua.

Dizaina ananidai laki moja na nusu ya logo, nauza asali Njombe. Nimpe?

Bado. Ukishauza mpaka watu wanakuulizia kwa jina utamlipa kwa furaha. Kwa sasa andika jina la asali yako kwa mkono mara 30 kwenye karatasi, chagua moja, basi.

Shikamoo. Naleta mchele kutoka Kyela, viroba vya kilo 5 na 10, nataka viwe na jina langu. Na je nikiweka alama ya TBS utauzika zaidi?

Marahaba. Tuanze na mwisho: usiweke alama ya TBS kama TBS wenyewe, yaani Shirika la Viwango, hawajakupa leseni ya kuitumia, hiyo sio dizaini, ni kesi. Jina nalo lipitishe kwanza BRELA, wale wanaosajili majina ya biashara, usije ukachapa la mtu.

Kwenye kiroba muhuri hautulii, kina mikunjo, hapo unatumia stensili. Filamu ya eksirei ya zamani, ile iliyozagaa juu ya kabati nyumbani, loweka kwenye maji yenye jiki, ile picha ya mbavu inatoka inabaki plastiki safi ngumu. Kata herufi ndani yake kwa kata. Kumbuka kuacha vidaraja kwenye herufi kama A na O, la sivyo lile tumbo la katikati linadondoka. Tandika kiroba kitupu mezani, weka stensili, dondoshea rangi kwa kipande cha sponji ya godoro kilichokamuliwa karibu kikauke, ukipaka kwa brashi iliyolowa rangi inapita chini na jina linaota ndevu. Rangi ya mafuta, ya maji kwenye kiroba inabanduka. Viache vikauke na harufu iishe kabisa kabla ya kumimina mchele, mchele wa Kyela watu wanaununua kwa harufu yake, usiwauzie unaonukia mlango mpya.

Natengeneza stuli na vitanda Mafinga, mteja akinunua anapotea miaka. Nimpe kalenda?

Kalenda inakufa Desemba, stuli iko palepale. Mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee chapa ya chuma yenye jina lako, iweke kwenye moto, jaribia kwenye mabaki ya paini mpaka ujue sekunde ngapi zinatosha, halafu gonga chini ya kila stuli. Pembeni yake namba ya simu kwa penseli ya seremala na vanishi juu. Na hiyo laini usiipoteze kaka, umeshaiandika chini ya stuli za watu.

Naweza kubandika kwenye nguzo za umeme?

Usibandike. Nenda kwa afisa biashara wa halmashauri akwambie wapi panaruhusiwa na kwa malipo gani. Kwa bure muombe mwenye genge, kinyozi na wakala wa pesa, kwake watu wanasimama foleni na hawana cha kusoma.

Nitajuaje imefanya kazi? Nataka kugawa vikadi vya juisi ya parachichi Nane Nane pale uwanja wa John Mwakangale, stendi na chuoni.

Weka alama. Za uwanjani kata kona ya juu kulia, za stendi kona ya chini, za chuoni acha kona zote. Ofa iwe "njoo na kadi hii, punguzo la mia mbili", ili walazimike kukurudishia, na uwe na makopo matatu chini ya meza, kila kadi inapoingia unaitupia kwenye kopo lake. Usimuulize mteja ametokea wapi, atakujibu chochote ili umpe juisi yake. Mwisho wa Agosti hesabu makopo, uniandikie kona ipi imejaa, mi naweka dau kwa stendi.